Nani Alikuwa Analima?

Mama yangu amesoma riwaya moja tu ya Kiingereza maishani mwake, na aliisoma kwa sababu mimi niliiacha mezani. Nilikuwa kidato cha tatu, likizo ya Agosti, nimerudi nyumbani Bondo na begi la nguo chafu na nakala ya The River and the Source iliyokuwa imepita mikononi mwa watu wengi kabla yangu. Ilikuwa setibuku, kama tulivyoviita vitabu vya mtihani. Mama aliishia darasa la nane na Kiingereza chake ni cha polepole, lakini ni mtu wa kusoma. Husoma Biblia, kalenda ya parokia, hata maandishi ya nyuma ya pakiti ya mbegu. Basi kila usiku, vyombo vikishaoshwa na rozari ikishasaliwa, alivuta taa ya sola karibu akasoma kurasa zake kumi hivi, midomo ikicheza.

Alipomaliza alinirudishia kitabu akasema ni kizuri, huyu mwandishi anawajua Wajaluo. Halafu akauliza, "Lakini nyathina, hawa wakiwa kule misheni, nani alikuwa analima?"

Nilicheka. Nikamwambia hilo halitatokea kwenye mtihani.

Kweli halikutokea. Lakini miaka imepita, nimehamia Kisumu, nimesoma kitabu kile mara tatu zaidi na vingine vya majirani zake, na swali la Mama bado limekaa pale pale. Siku hizi naona ndilo swali bora kuliko yote niliyowahi kusikia likiulizwa juu ya riwaya hiyo, pamoja na yale ya walimu wangu wa fasihi. Wacha nijaribu kulijibu.

*

Kwa wale mliosoma muhtasari peke yake (najua mko wengi, na siwahukumu), nitawakumbusha kwa ufupi. Margaret Ogola alikuwa daktari wa watoto aliyezaliwa 1958 na kufariki 2011. Kwa miaka mingi alisimamia makao ya Cottolengo kule Nairobi, yanayolea watoto yatima wenye virusi vya Ukimwi. Riwaya yake hii ya kwanza ilitoka 1994, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta na tuzo ya Jumuiya ya Madola ya kitabu cha kwanza kwa upande wa Afrika. Inafuata wanawake wa ukoo mmoja, vizazi vinne, kutoka ufuko wa ziwa hadi Nairobi.

Wa kwanza ni Akoko, binti wa chifu wa Yimbo, anayeolewa na chifu wa Sakwa kwa mahari ya ng'ombe thelathini. Mama mkwe akimsumbua, anafunga safari kurudi kwa baba yake, na wazee wanalazimika kumfuata. Mume na wana wakishakufa, na shemeji akishanyakua kiti na mali, anatembea hadi Kisumu kumshtaki mbele ya serikali ya wakoloni. Sakwa ndiko nyumbani kwetu. Nikiwa darasani nilitembea na Akoko kama mtu anayetembea na shangazi maarufu.

Wa tatu ni Awiti, msichana anayefaulu mtihani, anakuwa mwalimu, anaolewa na kuhamia mjini. Wa nne ni mabinti zake, watu wa Nairobi kabisa.

Wa pili ni Nyabera. Ni binti wa Akoko na mama wa Awiti. Anaolewa, anazaa, watoto wanakufa mmoja baada ya mwingine hadi anabaki Awiti pekee. Mume anakufa. Anarithiwa na mtu wa upande wa mumewe, na ndoa ile haimpi alichokuwa anakitafuta. Amesikia kwamba kule Aluor, kwenye misheni ya Wakatoliki, mjane na yatima wanapokelewa. Anakwenda. Anabatizwa Maria. Mama yake naye anabatizwa Veronica, Awiti anakuwa Elizabeth, na mpwa wake Owuor, mjukuu wa kiume wa pekee wa ukoo wa chifu, anakuwa Peter.

Nakumbuka insha niliyoandika juu yake. Nilisema Nyabera ni mhusika dhaifu anayekata tamaa na kukimbilia dini, tofauti na mama yake aliye shujaa. Mwalimu alinipa 17 kwa 20. Sote tuliandika hivyo. Ukiuliza leo mtu yeyote wa rika langu ni nani anayemkumbuka, atasema Akoko. Kama ana kumbukumbu nzuri ataongeza Awiti. Huyu wa katikati, wa kanisa na watoto na kilio, tulimpita kama steji ndogo ambayo matatu haisimami.

*

Kusema ukweli, nikisoma tena nasikia aibu. Tulimsifu Akoko kwa kuondoka bila kuangalia alikuwa anaondoka akielekea wapi. Alikuwa na baba chifu. Alikuwa na kaka wa kumpokea. Ng'ombe thelathini walikuwa wamelipwa kwa ajili yake, na hiyo peke yake ilimlazimisha kila mtu kumsikiliza. Nyabera hana kitu hata kimoja katika hivyo. Kaka zake wamekufa, mama yake amenyang'anywa. Anapoondoka, anaelekea mahali ambapo hajawahi kufika na kwa watu asiowajua, akiwa na habari za kusikia tu. Sasa ni nani kati yao anayehitaji moyo mkubwa zaidi?

Hapa ndipo swali la Mama linapoingia. Kwa Kijaluo mjane anaitwa chi liel, mke wa kaburi. Neno lenyewe linakuambia hesabu ilivyokuwa. Bado ni mke, na shamba analolima analilima kwa sababu ni mke wa boma lile. Udongo ni wa upande wa mume. Akikubali tero, yaani kurithiwa, anaendelea kulima. Akikataa na kuondoka, jembe lake anaweza kubeba begani, lakini udongo hawezi. Kwa hiyo Nyabera akienda Aluor hafuati padri tu. Anaacha chakula. Imani yake ina bei, na bei hiyo inahesabika kwa magunia.

Riwaya inalijua jambo hili, kisha inalipita haraka sana. Sehemu za mwanzo zina uchumi mzuri. Tunaona Akoko anavyofanya kazi, mali yake inavyoongezeka, na kwa nini mama mkwe anamwogopa. Tukifika misheni, masomo, sala na mitihani vinachukua nafasi, na jembe halipati hata sura moja ya kwake. Mwanamke anayemlea mtoto hadi awe mwalimu analazimika kupata unga mahali fulani kila jioni. Mama, ambaye anajua debe la mahindi linamaliza siku ngapi nyumbani, aliliona pengo hilo mara moja. Mimi na darasa langu zima hatukuliona.

Sidhani Ogola alisahau. Nadhani alikuwa na haraka ya kufika. Alikuwa Mkatoliki wa kweli, daktari, mama, na alitaka kutufikisha Nairobi, kwa madaktari na kwa kitanda cha mgonjwa wa Ukimwi, ambako alikuwa na mengi ya kusema. Misheni kwake ni daraja. Na mtu anayevuka daraja huangalia ng'ambo, haangalii nani aliyebeba mawe.

Ukitaka kuona vile haraka hiyo inavyomgharimu, mwangalie Owuor. Huyu ndiye mwanamume wa mwisho wa nyumba ya Akoko. Kwa ajili yake bibi alitembea hadi Kisumu. Na huyu huyu anakuwa padri. Hataoa, hatazaa, na jina la nyumba linaishia madhabahuni. Kwa Wajaluo wa wakati ule hilo ni tukio la kutikisa boma zima, na mwandishi ana ujasiri wa kuliweka mezani. Lakini analifunika kwa baraka upesi mno. Ningependa kumwona Nyabera usiku ule, yeye aliyezika watoto akitamani abakiwe na wa kiume, akimpa Mungu mtoto wa kaka yake. Kanisa linashinda kwenye kitabu hiki, sawa. Ila mechi yenyewe hatukuonyeshwa.

*

Nilienda kutafuta jembe kwa Grace Ogot. Yeye ni mzaliwa wa Asembo, 1930, muuguzi aliyekuja kuwa mwandishi na baadaye mbunge wa Gem. The Promised Land ilitoka 1966, na ukisoma ukurasa wa kwanza tayari unahisi uzito wa ardhi. Ochola na mkewe Nyapol ni wapya katika ndoa. Mume anasikia kwamba Tanganyika kuna mashamba makubwa, anapanda meli Kisumu na mke wake, wanavuka ziwa kuelekea Musoma. Wanalima, wanatajirika, jirani mganga anaona wivu, na mwili wa Ochola unaota miiba. Mwishowe wanarudi nyumbani na kuacha kila kitu.

Hapa kulima kupo, tena kwa wingi. Kisichokuwepo ni uamuzi wa mke. Nyapol hakutaka kwenda. Alisema. Halafu akaenda, kwa sababu mke huenda. Nguvu zake zinaingia kwenye ghala la mume, zinakuwa sifa ya mume, wivu dhidi ya mume, na ugonjwa wa mume. Wanapokimbia, anapoteza mavuno ambayo tangu mwanzo hayakuwa na jina lake. Ogot hasemi haya kwa sauti kubwa. Anaweka tu mwanamke aliyeona mapema kwamba mambo yataharibika, akimfuata mtu ambaye hakumsikiliza. Ni kitabu chenye hasira zaidi kuliko tulivyofundishwa.

Kisha kuna Marjorie Oludhe Macgoye, Mwingereza aliyekuja Kenya 1954 kufanya kazi ya vitabu kwa wamisionari wa CMS, akaolewa na Mjaluo 1960 na akabaki hapa hadi kifo chake 2015. Walimwita nyarloka, binti wa kutoka ng'ambo. Riwaya yake Coming to Birth ya 1986 inaanza na Paulina, msichana wa miaka kumi na sita anayeshuka treni Nairobi mwaka 1956 kumfuata mumewe Martin. Mimba inaharibika, mume anampiga, na baadaye Paulina anarudi upande huu, Kisumu, kujifunza ufundi wa nyumbani na kujitegemea. Kanisa liko kwenye maisha yake kama vile kiti kiko sebuleni. Halifanyi muujiza wala halilaumiwi kila siku. Lipo, na Jumapili watu huenda.

Macgoye ndiye anayehesabu. Kwake pesa zina kiasi, kazi ina saa, mkeka unashonwa na mtu fulani. Na ndiye anayethubutu kumpeleka mama huyu pale ambapo sala haikusaidia. Tarehe 25 Oktoba 1969 Jomo Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali ambayo hadi leo tunaiita Russia, akarushiana maneno na Oginga Odinga, na walinzi wakapiga watu risasi. Mtoto wa Paulina anakufa siku hiyo. Ukipita hapo leo kuna boda na wauza matunda. Mimi sipiti bila kumkumbuka mtoto ambaye hakuwahi kuwepo.

Lakini hata Macgoye, ambaye nampenda kuliko wote watatu, anampa Paulina uhuru wake kwa njia ya kumtoa shambani. Uhuru unakuja na mshahara, kwanza Kisumu halafu Nairobi.

Basi hesabu yangu ni hii. Ogola ananipa imani na kuficha jembe. Ogot ananipa jembe na kumnyima mwenye jembe uamuzi. Macgoye ananipa uamuzi, lakini shamba limeshaachwa nyuma. Mwanamke anayebaki, yule ambaye ni wa kanisa, wa shamba na wa watoto kwa wakati mmoja na mahali pamoja, sijampata akiwa mzima katika kitabu chochote kati ya hivi vitatu. Na ndiye mwanamke ambaye ukitoka Kisumu kwa matatu ya Bondo saa kumi na mbili asubuhi unawaona mia moja wake kabla hujafika.

*

Tunaweza kusema ni kwa sababu maisha yake hayana kisa. Anaamka, analima, anapika, anasali, analala. Nilikuwa nafikiri hivyo mpaka Baba alipofariki.

Alizikwa Januari. Machi mvua zikaja. Kwetu kuna golo kodhi, kutoa mbegu, na kuna utaratibu wake: mkubwa wa boma huanza, tena kwa ndoa, mume na mke, ndipo wengine wafuate. Mjane ambaye hajarithiwa hawezi kufungua msimu, na walio chini yake wanamsubiri. Wazee walikuja wakakaa chini ya mwembe, wakaongea kwa upole. Hakuna aliyemtishia. Walimwambia tu, nyar Alego, mvua haisubiri, na mtu wa kukusaidia yupo. Walikuwa wameshamchagua.

Mama aliwapa chai. Akawaambia atafikiri.

Ijumaa iliyofuata, kabla jua halijatoka, walikuja akina mama wa CWA pamoja na katekista, kila mmoja na jembe lake. Nilihesabu kumi na saba. Walisali kwa kifupi pale mlangoni, kisha wakajipanga kwenye shamba mstari mmoja kutoka ukingo hadi ukingo, na katekista alipoinua mkono wote wakapiga jembe pamoja. Nilielewa baadaye. Kama wote wameanza kwa mara moja, hakuna anayeweza kuulizwa nani ameanza. Kufikia saa nne mbegu ilikuwa chini.

Sijawahi kuona uhakiki wa mila ulio makini kuliko ule, na hakuna aliyetoa hotuba.

Sitaki kuwapamba. Mashemeji hawakuingia nyumbani kwetu misimu miwili. Mpaka wa shamba ulisogezwa usiku, hatua tatu hivi, na Mama alipotaka kwenda kwa chifu, ni watu wa kanisa hilo hilo waliomwambia asamehe, familia ni moja, aombe. Alisamehe. Hatua tatu hazikurudi. Na mwaka huo huo alipewa uweka hazina wa jumuiya, akatoa gunia la mahindi kwa ajili ya ujenzi, kutoka kwenye shamba ambalo sasa lilikuwa limepungua. Nikimwuliza kwa nini, ananiambia, "Walikuja na jembe." Kwake deni hilo liko wazi. Kwangu bado naligeuza geuza.

Ndiyo maana siwezi tena kukubali visomo viwili tunavyopewa kila siku. Cha kwanza ni kile cha insha yangu: mwanamke wa kanisa ni mnyonge aliyedanganywa na wazungu. Wanaosema hivyo wamsome Gaudencia Aoko, mwanamke kijana ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1960, papa hapa Nyanza, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Legio Maria na kuvuta umati nyuma yake. Cha pili ni kile cha mahubiri ya Siku ya Akina Mama: mwanamke wa kanisa ni nguzo, mvumilivu, jiwe. Jiwe halichagui. Nyabera alichagua, na Mama alichagua, na kila mmoja alijua anachouza na anachonunua. Kazi ya riwaya ni kutuonyesha bei. Ogola alikuwa karibu sana. Alikuwa na mwanamke, alikuwa na barabara ya kwenda Aluor, alikuwa na mtoto mkononi. Kilichobaki kilikuwa swali la unga.

Namshukuru hata hivyo. Kama angemfanya Nyabera mtakatifu kabisa au mpumbavu kabisa, Mama asingekuwa na la kuuliza. Aliuliza kwa sababu alimwamini huyo mwanamke kiasi cha kuhofia kama amekula.

Wiki iliyopita nilimpigia nikamwuliza kama anamkumbuka Nyabera. Alimkumbuka. Nikamwambia niliwahi kuandika kwamba alikuwa dhaifu.

"Alikuwa amechoka," akasema. "Mtu akichoka huenda mahali anaweza kukaa chini. Hiyo si udhaifu."

Nikamwambia naandika tena juu yake, safari hii vizuri. Akauliza ni makala ya kanisa? Nikasema hapana, ni ya shamba.

"Basi uje Jumamosi," akasema. "Kayongo imeanza kutoa maua kwenye mahindi, na inang'olewa kwa mkono."